Chupa Aliyoiacha Papa Polycarpe Mugaruka

Papa Polycarpe Mugaruka, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Mumosho tarehe 3 Machi 1919. Alisoma kwa mapadri, kisha akajifunza uuguzi. Mwaka 1941 aliingia maabara ya hospitali hapa mjini, siku hizo ukiitwa Costermansville, na kwa miaka kumi na saba alihesabu chembe za damu za watu kwa hadubini. Damu haisemi uongo, alizoea kusema.

Mwaka 1943 alimwoa Bibiane M'Rukeba. Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari, mkwewe alificha mikono: "Binti nakupatia, lakini kidole yangu usitoboe!" Papa Polycarpe alicheka sana, na kabla ya jioni kidole kilikuwa kimetobolewa.

Julai mwaka huu alihesabu damu yake mwenyewe. Chembe nyeupe, alizoziita askari, zilikuwa zimepungua mno. Alirudia mara tatu, akamweleza mkewe bila kuficha, kisha akarudi kazini. Daktari alimwonya kwamba hata kidonda kidogo kingemwangusha.

Jumapili tarehe 7 Septemba alichomwa na mwiba mguuni. Jumanne jirani yake wa mtaa wa Kadutu, Maman Georgette, alimletea kibuyu cha kasigisi, pombe ya ndizi. Asubuhi yake homa ikamtetemesha. Firmin, mdogo wake, anayesoma maneno haya, ndiye wa kwanza kutamka karuho, ile sumu tunayoiogopa sote, na kumtaja Georgette. Siku moja ikatosha. Mama wa watu hakuweza tena kuteka maji bila kuzomewa.

Mgonjwa alisikia. Alhamisi, hospitalini, alimwita Pascal, mwenzake wa maabara: "Kamata damu yangu, tia mu chupa ya supu. Nikikufa, batasema ni Georgette. Acha chupa ijibu." Supu hiyo ni ya maabara, ya kuoteshea vidudu vya ugonjwa, na Pascal akaitia damu.

Alifariki Ijumaa tarehe 12, alfajiri. Jioni ile, supu iliyokuwa safi kama maji ilikuwa imechafuka. Pascal alitia tone chini ya hadubini, akamwambia Firmin aangalie mwenyewe. Vidudu vilijaa tele. Viliingia kwa kidonda cha mwiba, vikaenea katika damu isiyo na askari. Hakuna aliyemlisha sumu.

Ameacha mjane Bibiane. Watoto Aloys, Clémence, Xavier na Yolande. Mdogo wake Firmin. Na Maman Georgette, ambaye Firmin anamwomba msamaha hapa kaburini, mbele ya wote, kwa kinywa kilekile kilichomtaja.

Mungu ampokee Polycarpe, apumzike sasa. Kesi yake ameimaliza mwenyewe.