Barua ya Utambulisho

Mzee aliyeketi kando ya Sekela kwenye basi la mwendokasi la Mbagala aliitikia shikamoo yake, akasema anashukia Zakhem, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona umeibana hiyo simu kama inataka kukutoroka?"

Tangu asubuhi Sekela alikuwa hajapata wa kumwambia, akaropoka yote. Simu ni ya chuo kikuu. Kinamama walipewa, wakafundishwa kurekodi habari za mitaani kwao. Yeye alirekodi jinsi kiwanja cha zahanati kilivyozungushiwa ukuta wa mtu, na jioni hii redio ya chuo inairusha habari hiyo.

"Jina lako watalitaja?"

"Wameapa kulificha."

"Sasa unaogopa nini?"

"Ili upewe simu, mzee wangu, lazima upeleke barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti aliniandikia mwenyewe, akagonga na muhuri. Mtaa mzima aliyeomba barua ile ni mie tu. Na ukuta ni wa shemeji yake."

Walimu wa chuo hawakulifikiria hilo. Wao wenyekiti wao wa mtaa hata kwa sura hawawajui.

"Wapigie waifute."

"Dada yangu alijifungulia kwenye bajaji, mzee. Nifute?"

"Mtaa gani huo?" mzee akauliza taratibu.

Ndipo Sekela alipomtazama vizuri. Basi likasimama Zakhem, milango ikafunguka, watu wakashuka. Mzee hakunyanyuka. Alikuwa bado anasubiri jibu.