Dhahabu ya Kithima cha Ndunge

Benchi letu hapa Kalamba ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, kando ya kibanda cha mabati cha Ndunge, na anayekaa katikati huchomwa na msumari. Ndunge ni mjane. Kahawa yake ndiyo inamlisha yeye na wajukuu, na maji ya kahawa hutoka kwa mto wa mchanga hapo chini, kwa kithima chake, shimo alilochimba kwa mikono yake akalizungushia matawi ya miiba ng'ombe wasiingie. Juu ya jiko ametundika picha aliyoletewa na mpwa wake Kasyoki, mpiga picha. Ni mto wetu ukionekana kutoka angani, lakini macho yako hayapati mto, yanapata madoa tu, ya kahawia, meusi na meupe. Kwenye doa moja Kasyoki amebandika dhahabu kwa mkono, nyembamba kama ganda la kitunguu. Hiyo picha imetumaliza. Leo Jumatatu Ndunge anamimina nusu kikombe na haongei na mtu.

— Mwaitu, mama yetu, hiki kikombe kimefunga na kuomba? akauliza Kaloki. Sisi humwita Jiolojia, kwa sababu aliwahi kuwabebea mabegi watu waliokuwa wakipima mawe huko Kitui.

— Kunywa hiyo, akasema Ndunge. Kithima kimekauka. Jana nimetoka kanisani nikapata miiba imetupwa kando, na shimo limechimbwa mpaka kwa mwamba. Mwamba umepasuliwa. Maji yote yameingia chini.

Aiya! Nikawageukia wenzangu watatu wa benchini. Jana mimi nilikuwa kwaya na Ndunge. Hawa watatu sikuwaona ibadani, na viatu vya Jiolojia vina udongo wa kijivu, ule wa kule chini ya mchanga.

— Ni kiangazi, akasema Jiolojia. Jiwe hupasuka lenyewe kwa joto.

— Na miiba? nikauliza. Ilisikia joto ikatembea?

— Ni malori ya mchanga, akasema Gicheru, muuza kabeji aliyetoka Nyeri akaoa huku. Yakipita kule Mombasa Road, ardhi inatetemeka hadi hapa. Hata meno yangu hutetemeka.

— Mimi nasema ni picha, akasema Munyao. Huyu tunamwita Shemasi, ingawa kanisa lilishamvua ushemasi. Akaendelea: Ukiwekea mto dhahabu kwa picha, mto wenyewe unashikwa na wivu. Unajificha. Wahenga walisema, kizuri chajiuza.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia tu.

— Ngai! akasema Gicheru. Mimi nilisikia iko mashini inapiga picha kutoka juu, inaona madini mpaka chini ya mawe. Halafu wazungu wanaweka alama ya dhahabu, wakirudi wanajua ni hapo.

— Wazungu gani? nikauliza. Kasyoki ni Mkamba wa Kasikeu!

— Si hivyo ndivyo wanajificha?

— Na alama si ya uongo, akasema Shemasi. Tulipogonga mwamba na mtaimbo, kitu kililia huko ndani...

Akajifunika mdomo na kikombe. Kikombe kilikuwa kitupu.

— Mlipogonga? nikauliza. Shemasi, nyinyi ni watu wa aina gani? Mama wa watu anaimba kanisani, nyinyi mnamvunjia kithima!

— Tungepata, tungemgawia wa kwanza! akalia Jiolojia. Na kama si hapo, tunaweza kujaribu chini kidogo. Dawa ya shimo ni shimo.

Ndunge hakugeuka. Alikuwa anapangusa kikombe ambacho kilikauka kitambo. Roho iliniuma. Nilitamani atutukane.

Hapo Kasyoki akashuka kwa bodaboda, kamera shingoni, anatabasamu. Akaona nyuso zetu akaacha.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Shemasi.

— Kasyoki, akauliza Jiolojia kwa sauti ndogo, hiyo dhahabu ni ya kweli?

— Ni ya kweli. Akasugua lile doa kwa kidole, kidole kikabaki na vumbi la kung'aa. Ndiyo hii. Hakuna ingine.

— Na kwa nini uliiweka hapo?

— Nilizunguka Kitui na Makueni nikipiga picha za mito mikavu. Kote huko, hapo peke yake ndipo nilipata maji yaliyo wazi. Kithima cha shangazi. Sasa ningeweka wapi?

Akaangalia mitungi iliyolala chini, mitupu yote. Akaangalia viatu vya Jiolojia. Hakupaza sauti.

— Shangazi, kesho utachota maji wapi?

Jiolojia akainama. Gicheru akaangalia barabara. Shemasi akajifunika tena na kile kikombe kitupu.

Ndunge akainua birika, akalitikisa, akammiminia mpwa wake kilichobaki. Hakikufunika hata sehemu ya chini ya kikombe. Kisha akamwaga makaa nje ya jiko na kuyafukia kwa mchanga.

— Inukeni, akatuambia. Huo ubao mnaoukalia nitaupigilia mlangoni.