Baudouin Lubunga na Wimbo Usio na Maneno

Ndugu waombolezaji, mliotoka hapa Juru na mliotoka Kaberebere, Endiinzi na Mbarara, familia inawaomba mtulie tumkumbuke Baudouin Lubunga, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kavimvira, Uvira, Kivu ya Kusini, Kongo, akalala utotoni kwa sauti ya ziwa.

Alianza shule ya msingi Uvira mwaka 1964, na sekondari akaiacha mwaka wa nne, 1976, kwa kuwa gitaa lilimwita naye hakuwa mtu wa kukataa wito. Mwaka 1979, yeye na rafiki yake Vénant, mwimbaji, waliunda bendi ya roki, Cheche za Kavimvira, ambayo watu wa rika lao wakiitaja hutabasamu kama walioota ndoto moja. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Perpétue, ambaye mpaka leo anadai alimpenda kabla ya kusikia gitaa, jambo ambalo hakuna aliyelisadiki, na Mungu akawajalia Eliane, Joël na Grâce.

Vita vya 1996 viliitawanya bendi. Juni 2003 familia ilifika katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Baudouin akawa mkulima wa maharage na mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa letu, lakini mara nyingi alisimama shambani macho yakiwa mbali, vidole vikitembea juu ya mpini wa jembe, hadi Perpétue amwite, "Baba Eliane, maharagi haisikiake gitare, lima!"

Mwaka 2023 Vénant alijitokeza Mbarara, mzee mwenye mvi na sauti ileile, akamwomba warudi na albamu mpya. Wazee wa kanisa walimwonya kwamba akipiga muziki wa dunia atatengwa, na kwa desturi yetu aliyetengwa haimbiwi na kwaya siku ya kuzikwa. Hilo lilimuuma sana, yeye aliyewasindikiza kwa gitaa marehemu wengi wa Juru, aliogopa kuzikwa kimya. Hata hivyo alikwenda, kwa sababu moyo ukipenda hauna mwamuzi.

Septemba 2024 walirekodi *Umande wa Pili* katika studio ya Naboth, mjini Mbarara, na Oktoba akatengwa. Wimbo wa mwisho hauna maneno, nafasi ya sauti imeachwa wazi. Vénant alitaka kuuimba, Baudouin akamzuia, "Acha, ile fasi ni ya bale batakuja kunizika."

Januari 2025 moyo ulianza kumsumbua. Albamu ilipotoka tarehe 10 Februari aliisikiliza kitandani amefumba macho, akasema anaiona Kavimvira, na tarehe 3 Machi, alfajiri, akaaga dunia hospitalini Mbarara.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na Vénant na wenzake waliobeba jeneza lake. Tunawashukuru pia wanakwaya, ambao wamelitii kanisa, hawakuvaa sare wala hawakukaa kama kwaya, wameketi katikati ya majirani, na hakuna sheria inayomkataza jirani kuimba.

Sasa Naboth atafungulia ule wimbo, na maneno kila mtu alete ya kwake.

Pumzika, Baudouin, kwa amani, nafasi uliyoiacha tunaijaza.