Ngazi ya Tisa na Redio Iliyonyamaza

Ndugu zangu, apewe sifa Bwana ambaye amenivumilia hata nikaweza kusimama mbele yenu hapa kanisani Suna, leo Jumapili, tarehe 14 Novemba 1999. Mwaka huu nimeombwa mara mbili kutoa ushuhuda, na mara zote mbili nilijibu kwamba kifua kinaniuma. Kifua changu ni kizima. Nilichokosa ni ujasiri, kwa maana jambo ambalo Bwana alinitoa ndani yake si pombe wala uchawi. Ni jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka. Chekeni, lakini nisikilizeni hadi mwisho.

Nilizaliwa Muhuru Bay mwaka wa 1954. Kaka zangu walikwenda shule, mimi nikaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Niliolewa mwaka wa 1971 katika boma lililo nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na mume wangu akafariki tarehe 3 Juni 1986. Nilikataa kurithiwa na ndugu za mume. Shemeji zangu walikasirika, wakasema ninaidharau nyumba yao. Aliyenitetea ni mama mkwe peke yake. Aliwaambia wanawe, "Hataki. Mnataka nimfunge kamba?" Neno hilo likafunga mjadala.

Yeye ndiye aliyeniruhusu kuingia darasa la ngumbaru mwezi wa Januari 1988, nikiwa na miaka thelathini na minne. Nilipokuwa darasani, alipika yeye. Mwezi wa Novemba 1994 nilifanya mtihani wa darasa la nane nikiwa nimeketi kati ya watoto wenye umri wa kitinda mimba wangu, nami nikafaulu. Cheti nilikitia kwenye fremu na kukitundika mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Ndugu zangu, nilikuwa mwanamke mwenye majivuno, na sikujua kwamba ni majivuno. Nilidhani ni shukrani.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1995, niliingia katika duka la Bwana Abdalla, mfanyabiashara aliyetoka Pwani na kufungua duka la vyombo na betri katika mji wa Homa Bay. Juu ya kaunta kulikuwa na kidude cha plastiki chenye kioo kidogo, kile tulichokiita gemu ya matofali. Matofali huteremka kutoka juu, nawe huyapanga yajaze mstari. Mstari ukijaa, unatoweka na alama zinaongezeka. Ukimaliza mistari kumi, kidude kinaimba kidogo na kukupandisha ngazi.

"Hii inapima akili, mama," Abdalla akaniambia. "Vijana wa hapa wote wamekwama ngazi ya sita. Wewe uliyefaulu mtihani, ukifika ya tisa njoo unionyeshe, soda ni juu yangu."

Nilikinunua siku hiyohiyo. Nilijiambia kwamba ni zawadi yangu kwa ajili ya cheti.

Hebu niwaeleze kilichonikamata, ili kijana au mzee aliye na kidude cha namna hiyo anielewe. Mimi nilingoja miaka thelathini na minne kuingia darasa la kwanza. Kila hatua ya maisha yangu ilipitia kwa mtu mwingine: baba, mume, shemeji, mwalimu. Kidude kile kilinipandisha papo hapo. Hakikuuliza umri wangu wala mume wangu yuko wapi. Nilipanga vizuri, kikaimba, nikapanda. Hakuna binadamu aliyewahi kunilipa sifa upesi namna hiyo. Kila nilipofika ngazi mpya niliona kwamba ile iliyopita ilikuwa si kitu, na kwamba furaha yenyewe iko katika ile inayofuata.

Nilianza kucheza nikingoja maji yachemke. Kisha maji yakawa yanachemka hadi yanakauka. Niliacha kwenda katika kikundi cha maombi cha Jumatano. Mama mkwe aliniona nimeinamia kioo, naye hakunyamaza.

"Nyar Muhuru," alisema, kwa maana kwetu mke huitwa binti wa alikotoka, "uliwakataa shemeji zako wote wazima wazima, ukakubali kurithiwa na hicho?"

"Mama, hiki hakiombi chakula," nikamjibu.

"Ndiyo maana siku hizi na sisi hatupati."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka, nikaendelea kucheza.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Mama mkwe alikuwa na redio ndogo iliyotumia betri mbili. Hakuwa akisikiliza nyimbo wala habari. Aliifungua kila jioni, wakati wa matangazo ya vifo kwa Kidholuo, lugha yetu, akisikiliza mkono ukiwa shavuni. Ninyi mnajua. Kwetu mtu akifa, jamaa walio mbali hawasubiri barua, maana barua itafika wiki mbili baada ya mazishi. Wanasubiri redio. Na mama mkwe alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, Atieno, aliyeolewa Karungu, ambaye tulijua kwamba anaumwa.

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1996, kioo cha gemu kilififia. Betri za mama mkwe zilikuwa mpya, hazijamaliza wiki. Nilizichukua mchana nikiwa na nia ya kuzirudisha kabla ya jioni. Nilipobadilisha betri, rekodi yangu ya zamani ilifutika. Ndivyo kidude kile kilivyokuwa: kikikosa betri, kinasahau yote. Nilianza upya kwa hasira, na alasiri hiyohiyo, kwa mara ya kwanza, nikafika ngazi ya tisa.

Ndugu zangu, jioni ilifika, nami sikuweza kuzitoa betri zile. Nikizitoa, ngazi ya tisa inafutika, na nani angeniamini? Nilitaka shahidi. Mjini nilikuwa nikienda Jumamosi tu. Nikaona siku tano si kitu.

Mama mkwe alibonyeza redio yake, ikanyamaza.

"Betri zimekufa, Mama," nikamwambia. "Nitakununulia nyingine Jumamosi."

"Mapema hivi?"

"Siku hizi wanauza vitu vibaya."

Maneno hayo niliyasema kwa kinywa hiki kinachoongea nanyi.

Atieno alikuwa amefariki Jumapili, tarehe 3. Tangazo lilisomwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Majirani walilisikia, lakini lilimtaja kwa jina la mumewe, nao hawakumjua. Jumamosi, tarehe 9, nilikwenda mjini na gemu yangu ndani ya kikapu. Abdalla alitazama rekodi, akapiga makofi na kuwaita vijana waliokuwa kwenye kibaraza. "Njooni mwone! Mama amewapita nyote!" Niliketi kwenye kiti chake mwenyewe, nikanywa soda, watu wakinitazama kama waziri aliyekuja kufungua shule. Ilikuwa saa nane mchana. Kisha nikanunua betri mbili za redio, nikarudi nyumbani. Redio ikasema. Matangazo ya jioni hiyo hayakututaja.

Alhamisi, tarehe 14 Machi, alikuja kutoka Karungu mke wa mpwa wa mama mkwe. Hakukaribia nyumba. Alisimama langoni hadi mama mkwe alipotoka.

"Mama, tulikukosea nini hata usije kumzika dada yako?" alisema akilia. "Jumamosi tulilichelewesha jeneza hadi saa tisa. Tulisema, dadake hawezi kukosa. Mvua ikaanza, tukamzika."

Mama mkwe hakulia. Aliuliza, "Mlitangaza?"

"Siku nne, Mama."

Akageuka, akaitazama redio yake kama mtu anayemtazama mtoto aliyemdanganya.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nami nawaambieni kwamba uongo ulioachwa kwa siku kumi huzaa. Jumamosi, tarehe 16, mama mkwe alichukua fimbo yake akaenda mjini kwa miguu yake mibovu, nami nyuma yake. Aliingia dukani kwa Abdalla, mbele ya wateja, akasema kwa Kiswahili chake kidogo:

"Wewe uliniuzia betri mbovu. Wiki moja, zikakufa. Dada yangu amezikwa bila mimi. Watu wote wajue."

Abdalla alinitazama. Alikuwa ameiona gemu yangu ikiwaka vizuri wiki iliyopita, na alikuwa ameniuzia betri za redio kwa mkono wake. Alielewa yote pale pale. Ningetamka neno moja tu. Niliinama, nikatengeneza kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Naye mtu yule, asiyekuwa wa kanisa letu wala wa dini yetu, alichukua betri mbili kutoka rafuni akamwekea mama mkwe mkononi.

"Pole kwa msiba, mama," akasema. "Nisamehe."

Wateja wawili waliondoka bila kununua.

Tulirudi nyumbani. Niliingia chumbani ili nitulie. Ndugu zangu, mnajua nilitulia kwa kitu gani? Nilijikuta nimefika ngazi ya sita. Sikukumbuka kuichukua gemu, sikukumbuka kuiwasha. Msiba mlangoni, jina la mtu mwema limechafuliwa sokoni, nami vidole vyangu vinapanga matofali. Hapo niliogopa. Sikumwogopa mama mkwe, niliogopa nafsi yangu. Nilipiga magoti, na mimi ninayejivunia maneno sikupata neno. Nilisema tu, "Bwana, nitoe," nikarudia, nikarudia. Niliposimama sikuhisi malaika. Nilihisi miguu yangu inakwenda uani.

Mama mkwe alikuwa akichambua maharagwe. Nilitoa betri zile kwenye gemu mbele yake, nikaziweka katika ungo wake, nikamweleza kila kitu tangu Jumatatu ya tarehe 4. Hakuinua kichwa.

"Ulikuwa unacheza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na Atieno juani ananingoja."

"Ndiyo, Mama."

Akaendelea kuchambua maharagwe. Gemu niliitupa chooni jioni hiyo, kwa sababu nilijijua. Mahali pengine popote ningeifuata.

Siku tatu hakula nilichopika. Jumatano, tarehe 20 Machi, alikuja akiwa amevaa vazi lake la kanisani. "Vaa. Kwanza kwa yule mwenye duka, kisha Karungu."

Dukani alinisimamisha mbele ya wateja. Nilisema: betri hazikuwa mbovu, mimi ndiye niliyeziiba. Abdalla aliona haya kuliko mimi. "Nilijua tangu siku ile," akasema. "Lakini ningesemaje, mtu na mkwewe?" Mama mkwe alimshika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia upesi.

Karungu tulifika alasiri. Desturi yetu yawataka waombolezaji waingie wakilia, nami nilimsikia mwanamke yule mzee akianza kulia tukiwa bado mbali na lango, peke yake, siku kumi na moja baada ya wengine wote kumaliza kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka. Alimwambia dada yake mambo mengi ambayo si yangu kuyarudia. Kisha wenyeji walipotukusanyikia, alinigeukia, nikajua kwamba saa yangu imefika.

"Huyu ni mke wa marehemu mwanangu," aliwaambia. "Ndiye aliyenichelewesha. Amekuja mwenyewe. Mpeni maji anywe, ametembea mbali."

Hakuna adhabu iliyowahi kunivunja kama kikombe kile cha maji.

Mama mkwe alifariki tarehe 8 Agosti 1998. Hakuwahi kuniambia kwa mdomo kwamba amenisamehe. Alikula nilichopika na aliniita Nyar Muhuru hadi siku yake ya mwisho, nami nakichukua hicho kwa shukrani, bila kudai zaidi. Bwana amenisamehe, naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini Atieno alizikwa saa tisa, na saa nane mimi nilikuwa nikinywa soda. Wokovu haukuzibadilisha saa zile.

Namshukuru Mungu, kwa maana tangu Jumamosi ile nilipoitupa gemu sijashika kidude cha namna ile, na hamu imekuwa ikipungua mwaka hata mwaka. Na wewe uliyeketi hapa ukiwa na kitu chako kinachokupandisha huku kikikufungia mlango wa nyumba yako, mtumaini Bwana, atakuinua ulipopiga magoti. Akishakuinua, usiketi tena. Nenda kwa yule uliyemkosea, leo, umwambie, wakati bado ana nguvu za kukukasirikia.