Mzee Tajudini Anatuachia Saa Inayotembea

Wafanyakazi wenzetu wapendwa, wa hapa Rohero na wa tawi la Kinindo, tunawasalimu kwa jina la Mungu. Hamjambo? Watoto wazima, na kikohozi cha vumbi hili la kiangazi kimewaachia? Sisi huku tuko salama, tunamshukuru Muumba.

Mzee Tajudini, planton, yaani mhudumu wa shule yetu, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Aliingia kama mlinzi wa lango. Baadaye akapewa kengele, ile rimu ya lori tunayoijua wote, na pamoja na kengele akakabidhiwa saa kubwa ya ukutani kwenye veranda ya ofisi.

Mzee ni Mwislamu, na sisi wengi ni Wakristo, lakini hajawahi kutukatiza sala ya asubuhi. Alikuwa anasimama na nyundo mkononi mpaka tuseme Amina, ndipo anagonga. Kosa lake tunalolikumbuka ni moja. Ramadhani fulani aligonga kengele ya kutoka saa nzima kabla ya wakati. Wanafunzi waliondoka mbio, na sijasikia mwalimu aliyejaribu kuwarudisha.

Sasa habari ya saa. Mwezi wa tano ilianza kulia kama mlango mkavu. Mzee akamwomba Daphrose wa kantini kijiko cha mawese, akayamimina ndani. Saa ikanyamaza, ikatembea vizuri, naye akawa anapita kifua mbele. Juni ilipoingia na baridi yake ya alfajiri, mawese yakaganda. Ikawa kila asubuhi saa imesimama. Mchana jua likipiga veranda, ukiisukuma kidogo balansie, kile chuma kinachoyumba chini, inaanza tena. Walimu wakafuata kila mtu simu yake. Darasa la mwalimu Maxime liko nje linacheza, la jirani bado linaandika.

Direktrisi Orlane, mkuu wa shule yetu, akasema saa isipopona kabla mzee hajaondoka, itashushwa na tutafunga king'ora cha umeme. Umeme wa mtaa wetu mnaujua. Lakini mzee hakuwa anafikiria umeme. Alituambia wazi: "Sherehe yenu ya kuniaga mutaikula peke yenu. Mi sitoki hapa saa ikiwa imekufa."

Akaifunga kwenye kitenge, akaipeleka Buyenzi kwa Ilias, fundi saa. Ilias alipoifungua alinusa kwanza.

"Mzee Taju, hii ulitaka kuitengeneza ao kuikaanga?"

Mzee akajibu kwamba kwao hakuna kitu kisichopona kwa mawese.

"Basi we kunywa, saa uniachie mi."

Ilias alitoa gurudumu moja moja, akayasugua kwa petroli na mswaki, akatia mafuta ya saa yenyewe, tone tu. Jumamosi iliyopita mzee aliirudisha ukutani, sisi tumesimama kama tuko kwenye ubatizo. Tangu hapo inatembea, hata asubuhi za baridi. Direktrisi amekubali ibaki, mradi apatikane mtu wa kuitia ufunguo kila Jumatatu, maana ikikosa ufunguo inasimama, na ikisimama tena itashushwa.

Mzee alisema hilo ni jambo dogo, atakuwa anatoka kwake Gasenyi kuja mwenyewe. Mke wake, mama Adija, alikuwa amekaa pale pale. "Apana," akasema. "Jumatatu zote nimewapa nyinyi. Hizi zilizobaki ni zangu." Mzee mwenyewe alicheka akainamisha kichwa.

Mzee Tajudini, asante kwa miaka yote. Mungu akupe afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na nyumba yenye amani.

Nanyi wenzetu, tunatafuta mtu wa Jumatatu. Anayekubali atuandikie upesi, kabla ya wiki hii kuisha.