Metrine Hajakataa Kazi

Risala ya Dada wa Ijumaa, Al-Baghdadiyah, Jeddah, kwa mgeni rasmi, afisa wa maslahi ya wafanyakazi kutoka ubalozini Riyadh. Msomaji: Serah.

Mgeni rasmi, mama yetu Maryann, umefika salama, karibu sana. Utuwie radhi, tutasoma haraka. Gari la wakala wa ajira liko hapo chini, na aliyetumwa kumchukua Metrine ameshapiga honi. Atapiga tena, tumvumilie.

Sisi ni nani

Ni wafanyakazi wa ndani, Wakenya, Waislamu kwa Wakristo. Wenye ruhusa hukutana hapa Ijumaa, tukasukana, tukapika, tukaliwazana. Metrine, huyo wa kiti cha mbele anayekunjakunja leso, ni mwenzetu.

Yaliyomfika

Tangu utotoni, ukimtuma mambo matano, matatu yanamtoka kabla hajafika mlangoni. Si ukaidi, ndivyo alivyoumbwa. Vidole navyo ni vizito: vifungo vidogo humhangaisha, vikombe vya kahawa humponyoka. Shuleni walimwita mvivu, wakaishia hapo.

Kule nyumbani, chuo kilichotuandaa kwa safari kilitukazia jambo moja kuliko yote: madam akitoa amri, jibu "hadhir", yaani ndiyo, tena upesi, hata kabla hajamaliza. Metrine alilishika hilo barabara. Basi madam wake husema: osha veranda, toa nyama kwenye friji, piga abaya pasi, mwamshe mtoto. "Hadhir, madam." Anaosha veranda, kisha anasimama na ndoo, akitafuta kichwani lililofuata. Kuuliza anaogopa. Madam akimkuta hivyo anaona dharau, na nani angeona vingine baada ya kuitikiwa hadhir? Sasa amechoka: halas, yaani basi, arudishwe kwa wakala.

Tunayojivunia

Mama mzazi wa madam humtuma neno moja, akangoja alimalize. Ndiye aliyemwonyesha kukunja sambusa, polepole, mkono kwa mkono. Leo sambusa za nyumba ile hukunjwa na Metrine. Zinachelewa, lakini hazipasuki. Siku aliyotusimulia alicheka mpaka akajifuta machozi.

Kinachotukosesha usingizi

Karatasi ya wakala inasema "amekataa kazi". Metrine akiitia sahihi leo, ni nani atakayemwajiri tena? Na kwao wataamini alikuja huku kufanya jeuri. Asubuhi tulipomweleza, alisema, "Mimi sijakataa. Nilikuwa natafuta." Kusema kweli, ilituuma.

Ombi letu

Tulikuwa na mengi: simu zinazonyang'anywa, ikama, yaani vibali vya kuishi, zinazocheleweshwa. Tumeyaweka kando. Tunaomba uzungumze na madam, umwambie msichana huyu hutumwa neno moja moja. Akikataa kumrudisha kazini, basi yale maneno yafutwe kwenye karatasi.

Tunajua desturi: risala ikiisha, mgeni hunawa akakaribishwa pilau. Mola akufungulie kila mlango unaoubisha kwa ajili yetu, mama, ila leo usinawe kwanza. Mshike Metrine mkono, ushuke naye.

Ni sisi wanao,
Dada wa Ijumaa, Al-Baghdadiyah.