Mama Trei na Injini Iliyotakaswa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mwenzetu Mama Trei anavua aproni na kustaafu. Chumba cha kutakasa vifaa vya upasuaji kitabaki na mashine zake za mvuke, masinki yake na sisi wenyewe, lakini tusidanganyane: pengo analoacha ni kubwa.

Wengi katika hospitali hii hawajawahi kumwona. Chumba chetu kiko mwisho wa korido, nyuma ya chumba cha dobi, na mgonjwa hapiti huko labda awe amepotea. Mama Trei aliingia humo akiwa msichana wa kuosha mikasi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa msimamizi wetu. Yeye ndiye aliyeanzisha tepe za rangi: trei ya kila aina ya upasuaji ina rangi yake, kiasi kwamba muuguzi akija mbio kutafuta ya mama anayejifungua kwa dharura, anaiona akiwa bado mlangoni. Wako watoto wanaocheza mpira mitaani leo ambao uhai wao ulipita kwenye mikono hiyo, wala hawamjui. Nikiwaza hilo huwa naishiwa maneno, na wanaonifahamu wanajua mimi siishiwi hovyo.

Ukali wake nao tuuseme, maana hata mwenyewe haukani. Adui yake namba moja ni mafuta. Kifaa chenye hata harufu ya grisi kilirudi sinki, na trei nzima ikakifuata. Aliyepaka losheni mikononi hakusogea mezani kwake. Na haya mambo hakuyaacha kazini: kwenye harusi ya binti wa dobi wetu alikutwa jikoni, katika gauni lake la sherehe, akipanga vijiko vya watu kwa ukubwa.

Ila jambo lililotuacha midomo wazi mwaka huu halikutokea hospitalini. Lilitokea chini ya banda la mabati nyumbani kwake.

Mume wake alikuwa dereva wa teksi, na teksi yenyewe ni kile kigari cha zamani chenye mgongo wa duara, ambacho mtaa mzima unakiita Kobe. Injini yake iko nyuma, haina rejeta wala maji. Inapozwa kwa upepo wa feni basi. Kobe ndicho kilichosomesha watoto wao wote. Kilipochoka, mzee aliishusha injini mwenyewe, akaifungua yote na kuzitia sehemu zake kwenye mabeseni. Kabla hajairudisha, akapigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala.

Alipona kiasi cha kutembea na kusema vizuri. Lakini alijifunga. Kiti chake alikitoa kibarazani akakiweka sebuleni, kikielekea ukutani, asiyaone yale mabeseni. Mwaka jana akaita mnunuzi wa vyuma chakavu aje alibebe gari. Mama Trei akamwomba ampe muda hadi siku ya kustaafu. Ikifika injini haijawaka, Kobe kiende. Mzee akaitikia kama mtu anayetaka tu aachwe. Pale kwenye meza ya kufungia trei, Mama Trei alituambia bila kuzunguka kwamba gari halimsumbui. Anamtafuta mume wake, na hajui pengine pa kumtafutia.

Basi mwanamke huyu, ambaye hajawahi kushika spana maishani, akaanza. Fundi wa kukereza vyuma wa mtaa wa pili alimpimia krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, akamhakikishia kuwa bado ni nzima, akamweleza pia mpangilio wa kufunga. Silinda mbili zilikuwa zimekwisha. Alizipata za mtumba kwa wauza vipuri, baada ya kuchagua mpaka muuzaji akatamani kufunga duka. Gasketi, zile karatasi ngumu za kuziba maungio, alizikata mwenyewe kwa mkasi wake wa kushonea. Kitu kipya kabisa kilikuwa beringi tu, vile vikalio ambamo krenki huzungukia, maana fundi alimwonya kuwa hapo hakuna kubana matumizi. Seti ilikuwa moja, na pesa ya kununua nyingine haikuwepo.

Wikiendi moja alitualika wenzake tukaone. Jamani! Benchi lilitandikwa vitambaa vya kijani vilivyochakaa. Kila kipande kilikuwa kimeoshwa kwa mafuta ya taa, kikasuguliwa kwa sabuni na maji moto, kikakaushwa, kikafungwa kwenye karatasi na kubandikwa tepe, silinda ya kwanza rangi yake, ya pili rangi yake. Pistoni ziling'aa utadhani zinasubiri daktari. Tulipiga makofi, maana kwetu hiyo ndiyo kazi safi. Akafungua karatasi moja moja, akaiweka krenki mahali pake, akafunika, akakaza nati. Kisha akashika spana azungushe.

Krenki ilizunguka kidogo tu, ikatoa mkwaruzo mkavu uliotusisimua meno. Kabla hatujaulizana kulikoni, mlango wa sebule ulifunguka. Mzee alikuwa amesimama pale, mkono wa kushoto ukutani, anahema.

Akamwambia mkewe aache, asizungushe tena. Akauliza beringi zimepakwa nini. Mama Trei akajibu, kwa fahari yote ya miaka yake kazini, kwamba hazikupakwa chochote, ni safi kabisa.

Mzee akamtazama, akatutazama na sisi, kundi zima la watakasaji.

"Mke wangu," akasema, "hiyo si trei ya upasuaji. Injini unaipa mafuta kabla hujaipa petroli."

Hakuna mtu mwingine duniani angefanya kosa lile. Fundi yeyote anajua kwamba kila kinachozunguka hupakwa oili wakati wa kufunga, lakini mikono ya Mama Trei ilikuwa imefundishwa kinyume chake maisha yake yote. Alikaa chini akashika kichwa. Kama beringi zile zimekwanguka, mambo yamekwisha, na Kobe kinaenda zake kwenye vyuma chakavu. Mzee akaomba stuli. Akaomba ifunguliwe tena. Beringi zilipotoka akazipitishia kidole gumba cha kushoto, taratibu, moja baada ya nyingine. Zilikuwa salama. Krenki ilikuwa imezungushwa kidogo sana.

Tangu siku hiyo hakurudi kuutazama ukuta. Yeye ana ujuzi na mkono mmoja, mkewe ana mikono miwili. Wakawa fundi mmoja, mwenye ubishi wa watu wawili. Waligombana juu ya yale mabati yanayoizunguka injini, ambayo Mama Trei aliyaona ni mapambo na mzee akasisitiza yarudi yote, kwa sababu ndiyo yanayoupeleka upepo kwenye silinda. Waligombana juu ya kabureta. Mama Trei alikuwa akija kazini akinung'unika kwamba mzee sasa anaongea mno, kisha anageuka upande mwingine kufuta macho.

Siku ya kuiwasha tulifika mapema, injini ikiwa imesharudishwa garini. Mama Trei alikaa kwenye usukani, mzee kwenye stuli yake nyuma karibu na injini. Jaribio la kwanza, kimya. La pili, ikakohoa ikatoa moshi. Mzee akaagiza disteributa, inayogawa moto kwenye plagi, izungushwe kidogo, mkewe akashuka, akaizungusha, akarudi kitini. Akawasha.

Sijui niueleze vipi mlio ule. Vipande nilivyoviona vimefungwa kwenye karatasi vilikuwa vinafanya kazi pamoja, vinavuta hewa, vinalitikisa benchi na vikombe vya chai. Nimeona mengi hospitalini, lakini kitu kilichokufa kuinuliwa kwa mikono ya mwanamke ninayekaa naye meza moja, hilo sikuwahi kuliona.

Mzee aliinamisha kichwa, anasikiliza. Sote tukamwangalia yeye.

"Fundi," akamwita mkewe hatimaye, "zima."

Tukajua imeharibika. Mama Trei akazima, akashuka, uso umemshuka. Mzee akainuka polepole, akazunguka hadi mlango wa dereva, akaketi kwenye kiti ambacho hakukikalia tangu augue.

"Nataka kuiwasha mwenyewe," akasema, akapeleka mkono wa kushoto kwenye ufunguo.

Kwa niaba ya wote wa mwisho wa korido, asante Mama Trei kwa kila ulichotufundisha, na hata kwa ulivyotugombeza. Tunasikia unajifunza kuendesha, na kwamba mwalimu wako aliye kiti cha pembeni haishi maneno. Mungu amzidishie. Maisha mema tunawatakia wote wawili, dereva mpya na dereva wa zamani.